Sange Haruhusiwi Kutoweka

Mwezi wa Julai mwaka wa 1986, wananchi wote wa Malindi na vitongoji vyake walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba kuanzia siku hiyo sange yuko chini ya ulinzi wa Serikali, na kwamba haruhusiwi kutoweka bila idhini ya maandishi.

Landirova iliyobeba kipaza sauti ilizunguka mtaa wa Barani mara tatu, ikapita sokoni, ikafika mpaka kijiji cha Ganda. Watu wa mjini waliuliza huyo Sange ni wa ukoo gani. Watu wa mashamba, waliomjua, walinyamaza. Kwa uzoefu wao, kitu ambacho Serikali imeanza kukipenda huwa hakikawii kwisha.

Sange ni mnyama mdogo, mkubwa kidogo kuliko panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, na makalio ya manjano kama dhahabu. Hulala ndani ya majani makavu yaliyoanguka chini ya miti. Asipopata miti na majani makavu, hana pa kulala. Mahitaji yake ni hayo tu, na hakuna aliyewahi kuiomba Serikali jambo jepesi zaidi.

Aliyepewa kazi ya kumlinda ni Bwana Abdulghani, Mratibu Mkuu wa Hifadhi ya Sange katika Msitu wa Kirosa. Alikuwa mtu mwenye bidii, na asiseme mtu kwamba alikuwa mvivu. Miaka kumi na minne alikuwa ofisi ya mizani na vipimo, na hapakuwa na jiwe la ratili asilolijua. Sange hakuwahi kumwona, lakini hilo hakuliona kuwa kikwazo. Hata msajili wa vifo, alisema, hakuwahi kufa.

Jambo la kwanza, ili sange alindwe, ilihitajika ofisi. Ofisi ilihitaji nafasi, na nafasi ilipatikana msituni. Ikakatwa miti. Ofisi nayo ilihitaji mlango wa heshima, ukakatwa mbambakofi mmoja ambao watu wanne hawakuweza kuukumbatia. Baadaye Mratibu alitafakari kwamba ulinzi hauwezi kufanywa kwa mbali, ikabidi ajengewe nyumba yake palepale, yenye baraza pande mbili na bustani ya michungwa nyuma. Ikakatwa miti mingine. Katika ripoti yake ya kwanza aliandika: "Sehemu kubwa ya msitu sasa inaonekana vizuri kutoka ofisini, jambo ambalo halikuwezekana zamani kwa sababu ya miti."

Jambo la pili lilikuwa kanuni. Aliziandika mwenyewe, kumi na moja, akazisoma kwa sauti mbele ya karani wake Shekha, aliyekuwa akipiga taipu. Aliyoipenda zaidi ilikuwa Kanuni ya Nne: "Mahali popote sange atakapoonekana amefanya makazi, patakuwa hifadhi, na binadamu aliyepo atahama katika siku saba, bila kujali cheo, kabila wala dini."

"Bila kujali cheo, Bwana?" Shekha aliuliza.

"Bila kujali cheo. Ina uzito, siyo?"

"Ina uzito sana," akasema Shekha, akaendelea kupiga taipu.

Mtu wa kwanza kuangukiwa na uzito huo alikuwa mama mmoja mjane, jina lake Kanze, mwenye shamba la mikorosho kando ya msitu. Mikorosho yake alikuwa haifagii. Aliyaacha majani yaanguke, yaoze, yawe mbolea. Sange watatu, wale waliotoroka kelele za shoka, walihamia chini ya mkorosho mmoja. Thoya, mlinzi wa msitu, aliwaona, akaandika taarifa kama alivyoagizwa. Siku ya pili barua ya kuhama ikapigiliwa msumari kwenye mlango wa Kanze.

Kanze alikwenda ofisini na barua yake mkononi. Alikuwa na umri wa kumzaa Mratibu, lakini Bwana Abdulghani alikuwa kazini, na kazini umri hauhesabiwi. Akangoja asalimiwe yeye.

"Hujambo, mwanangu," akasema Kanze.

Bwana Abdulghani alikohoa. "Una shida gani, mama?"

"Nimeambiwa nihame. Nikauliza nimekosa nini, nikaambiwa nimeonekana na sange."

"Sawasawa."

"Hao sange wamekuja kwangu kwa sababu nyinyi mmewafukuza kwao."

"Mama, sange ni mali ya Serikali. Mali ya Serikali haifukuzwi. Huhamishwa."

"Na mimi?"

"Wewe pia unahamishwa. Unaona? Mko sawa mbele ya kanuni."

Kanze aliitazama ile barua, akaikunja. "Mikorosho ile niliipanda mwaka wa mafuriko. Maji yakichukua miche, narudishia. Mara tatu nimerudishia. Sasa nikahamie wapi na mikorosho arobaini kichwani?"

"Unayo haki ya kukata rufaa," akasema Mratibu kwa upole. "Kuna fomu. Lakini rufaa zote zitasikilizwa baada ya ufunguzi rasmi, Alhamisi ijayo."

"Siku zangu saba zinakwisha Jumatano."

"Basi utakata rufaa ukiwa umeshahama. Ni vizuri zaidi, utakuwa na utulivu."

Kanze hakuhama, wala hakubishana tena. Kila asubuhi alikuja na fomu yake, akaketi kwenye benchi la barazani mpaka ofisi ifungwe. Mratibu aliandika katika daftari kwamba wananchi wameipenda ofisi.

Wiki ile ilikuwa ya maandalizi. Mgeni rasmi, Mkurugenzi Kioko, alikuwa anatoka Nairobi kuja kukata utepe. Sasa, mgeni wa Serikali anapokuja, kila mtu anajua la kufanya. Mawe hupakwa chokaa, vigogo vya miti hupakwa chokaa mpaka kiunoni, na pahali hufagiwa. Bwana Abdulghani alifikiri kwa utaratibu, akaona kwamba pahali anapokuja mgeni ni msituni. Kwa hiyo akaamuru msitu ufagiwe.

Thoya alidhani amesikia vibaya. "Tufagie njia, Bwana?"

"Njia hufagiwa hata kwa mgeni wa kawaida. Huyu ni Mkurugenzi. Fagieni msitu."

"Bwana, sange hulala ndani ya hayo majani."

"Na unataka mgeni amkute sange amelala kwenye taka? Wewe, Thoya, mgeni akija kwako unamwonyesha jalala?"

Watu sitini walikusanywa na mafagio ya chelewa. Walifagia siku nne. Walifagia chini ya kila mti mpaka udongo mwekundu ukang'aa kama sakafu. Walifagia na kwa Kanze pia, kwa kuwa mikorosho yake ilionekana kutoka njia ya mgeni, na jani moja halikubaki. Majani yote, mizigo ya matrekta kumi na saba, yalipelekwa nyuma ya nyumba ya Mratibu yakawekwe kwenye michungwa, kwani Bwana Abdulghani hakupenda kuona kitu cha umma kikipotea bure. Lundo lilifika usawa wa dirisha la chumba chake cha kulala.

Usiku wa pili alisikia mikwaruzo. Asubuhi aliwaona kwa macho yake, wakikimbia bustanini kwa kurukaruka. Akaja ofisini amekasirika, akamwita Shekha.

"Andika barua kwa Bwana Afya. Nakala tatu. 'Bwana, nyumba yangu imevamiwa na panya wasiopungua tisa, wa aina mbaya. Pua zao ni ndefu na zinachezacheza. Makalio yao ni ya rangi ya dhahabu. Wamejenga makazi katika majani yaliyo nyuma ya nyumba, na hawana dalili ya kuondoka. Naomba sumu ya kutosha.'"

Shekha aliinua mikono kutoka kwenye taipu. Juu ya karatasi ileile, mahali pa nembo ya ofisi, palikuwa na picha ya sange. Aliyeichora alikuwa fundi wa mabango wa mjini, ambaye aliambiwa kwamba mnyama huyo ana pua kama ya tembo, akachora tembo mdogo.

"Bwana, panya mwenye makalio ya dhahabu?"

"Andika kama nilivyosema. Malalamiko yasiyo na maelezo kamili hayashughulikiwi."

Alitia sahihi kwa wino wa kijani, akagonga muhuri mara tatu. Alipoondoka, Shekha alitoka barazani na nakala moja. Alikuwa na desturi ya kusoma barua kwa sauti ili kusaka makosa, na siku hiyo hapakuwa na mwingine wa kumsikiliza ila Kanze. Kanze alisikiliza mpaka mwisho.

"Hebu rudia hapo kwenye makalio, mwanangu."

Shekha akarudia.

Kanze alifunika mdomo kwa leso, mabega yakitikisika. Kisha akaacha kucheka. "Na hiyo sumu inaletwa lini?"

"Ijumaa, mama. Bwana amekwisha mpigia simu Bwana Afya, barua hii ni ya faili tu."

Alhamisi Mkurugenzi Kioko alifika na magari manne. Alitembezwa msituni kati ya miti iliyovaa chokaa, juu ya udongo uliofagiwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Pasafi sana," alisema.

"Tumejitahidi, mheshimiwa."

"Hata jani!"

"Hata moja, mheshimiwa."

Walitembea nusu saa. Hapakuwa na mlio wa ndege. Mkurugenzi aliangalia kushoto na kulia kama mtu aliyeingia dukani akakuta rafu tupu. "Na hao sange?"

Bwana Abdulghani alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Ni wanyama wenye haya, mheshimiwa. Takwimu zao lakini ziko kwenye faili."

"Vizuri," akasema Mkurugenzi, ambaye alikuwa mtu wa mafaili. "Macho hudanganya. Faili halidanganyi."

Utepe ulikuwa umefungwa mlangoni pa ofisi, na mkasi uko juu ya mto mwekundu. Mkurugenzi alipounyoosha mkono, Kanze aliinuka kwenye benchi lake.

"Mheshimiwa, salaam zako. Mimi nimeamriwa kuhama kwa sababu ya sange watatu. Naomba kuuliza, mtu mwenye sange tisa anahamishwa mara ngapi?"

Watu wakacheka. Mratibu akamwonyesha askari kwa kidevu, lakini Mkurugenzi alikuwa ameshasikia neno tisa. Tangu afike hakuwa amesikia tarakimu hata moja.

"Tisa wako wapi, mama?"

"Mimi sijui kusoma, baba. Iko kwenye faili."

Shekha alikuwa tayari na faili mikononi. Lilikuwa jambo la kawaida tu. Siku za wageni mafaili yote hutolewa. Mkurugenzi akavaa miwani, akasoma barua kimyakimya, kisha akaisoma kwa sauti, polepole, kutoka pua mpaka makalio. Alipofika kwenye sumu alisimama.

"Hii ni sahihi yako, Bwana Abdulghani?"

"Ni yangu, mheshimiwa, lakini wale ni panya."

"Wenye makalio ya dhahabu."

"Panya wa... wa huku pwani, mheshimiwa."

"Wewe, mlinzi!" Mkurugenzi alimwita Thoya. "Huku pwani mna panya wa dhahabu?"

"Tungekuwa nao, mheshimiwa," akasema Thoya, "tusingekuwa maskini."

Walikwenda wote nyuma ya nyumba. Lundo lilikuwa limetulia. Thoya alilipiga kwa kiganja mara moja, na sange mmoja akatoka, akakimbia mbele ya miguu ya Mkurugenzi na kuingia upande wa pili, makalio yakimeremeta juani. Wageni wakapiga makofi. Bwana Abdulghani naye akapiga kidogo, kwa mazoea.

Mkurugenzi hakukasirika. Watu wa mafaili hawakasiriki. Aliomba kanuni, akasoma ya nne, akasoma tena pale "bila kujali cheo", akauliza nani aliyeandika maneno mazuri namna hiyo. Akaambiwa. Akamsifu. Kisha akaamuru barua ya Kanze ifutwe, kwa kuwa kwake halikuonekana jani wala sange, na barua nyingine kama hiyo ipigiliwe kwenye mlango wa Mratibu. Sumu ikarudishwa. Lundo likatangazwa hifadhi, lisiguswe, na miche ya miti ya msitu ikapandwe mpaka kwenye baraza zote mbili. Baada ya hapo alitazama saa, akasema ndege haimngoji, akaondoka. Mkasi ukabaki juu ya mto.

Jioni ile Thoya alipita kwa Kanze. Alimkuta amekaa chini ya mkorosho, fagio la chelewa lililosahauliwa na wafagiaji limetupwa mbali.

"Wewe hufagii, mama?"

"Sifagii. Yakianguka yaanguke. Wageni wangu wakirudi, na wakaribie. Ila wewe ukiwaona, Thoya, nyamaza."

"Nimewaona nani?" akasema Thoya.

Siku ya sita, masanduku yake yakiwa tayari barazani, Bwana Abdulghani alikwenda ofisini akaketi kwenye benchi. Alikuwa ameandika kurasa nane akieleza kwa nini Kanuni ya Nne haikukusudiwa kutumika kwa aliyeiandika. Shekha alizipokea kwa mikono miwili, akazigonga muhuri.

"Nitajibiwa lini?" aliuliza.

"Rufaa zote zitasikilizwa baada ya ufunguzi rasmi, Bwana."

Bwana Abdulghani aligeuka akautazama mlango wa mbambakofi. Utepe ulikuwa bado umefungwa pale, mzima, na buibui alikuwa ameanza kujenga kwenye fundo lake.