Ombi la Kupulizwa Filimbi ya Mwisho Sebuleni Kwangu

Ndugu Katibu wa Kamati ya Kombe la Taifa,

Salamu nyingi, na poleni kwa viti vilivyochomwa. Mimi ni fundi cherehani mstaafu. Shule niliishia darasa la nne, mwalimu ndiye aliyechoka kwanza, kwa hiyo ukikuta kosa humu liruke kama unavyoruka dimbwi, usisimame kuliangalia.

Nakuandikia kuhusu ile nusu fainali iliyovunjika pale waandamanaji walipoingia uwanjani wakidai kura zao, polisi wakaingia nyuma wakiwadai waandamanaji, na moshi wa mabomu ya machozi ukaingia bila kudai chochote. Nilikuwepo. Nililia kama wenzangu, ingawa mimi nilianza kabla ya moshi, kwa jinsi beki wetu alivyokuwa akicheza.

Kando yangu alikaa mkwe wangu, yaani baba mzazi wa mume wa binti yangu, seremala, aliyesafiri kutoka mbali kuja kuishangilia timu pinzani. Nilimkaribisha alale siku moja. Huu ni mwezi wa pili, bado analala. Malalamiko yangu ni haya:

1. Refa wenu hakupuliza filimbi. Sote tulimwona akitimua mbio nayo mdomoni, kaing'ata, hewa haitoki. Nanyi mkatangaza redioni kwamba mchezo "umesimama kwa muda". Sasa mkwe wangu ana msimamo wake tangu ujana: hatoki mpirani kabla ya filimbi ya mwisho. Kwa hesabu yake mechi inaendelea, yeye bado ni mtazamaji, na sebule yangu ndiyo jukwaa. Barabara ya kwao nayo imewekewa vizuizi, kwa hiyo hata nikitaka kumdokeza, sina pa kuanzia.

2. Mkwe hafukuzwi. Wewe Katibu nawe una wakwe, unajua. Huwezi kumuuliza anaondoka lini. Unaweza tu kumuuliza kama amelala vizuri, naye hunijibu kwamba kitanda changu ni kizuri sana. Ni kizuri kweli, nakikumbuka. Mimi nalala juu ya meza ya kukatia vitambaa.

3. Mikono yake haitulii. Alianza na mlango wa choo, akasema unakwaruza, akaupiga randa. Akaja kwenye mlango wa jikoni. Sasa milango yote imepigwa randa mpaka haigusi fremu. Ukikohoa chumbani, wa sebuleni unafunguka. Na mke wangu anamsifu! Anasema miaka yote aliyokaa nami hajawahi kuona mwanaume wa kurekebisha kitu humu ndani. Magauni yote aliyovaa nimemshonea mimi, lakini sindano haina kelele, nani ataisikia?

4. Penalti. Moshi ulipoingia sisi tulikuwa tunaongoza moja bila, na refa alikuwa ameshawapa kina mkwe penalti, mpira umeshawekwa. Basi kila asubuhi kwenye chai mkwe anaipiga ile penalti kwa kijiko na kipande cha mkate, na kila asubuhi inaingia. Namwambia kipa wetu angeipangua. Ananiuliza, kwa heshima zote za mkwe, kipa yupi, yule aliyekutwa amejificha kwenye chumba cha timu yao? Namjibu, kwa heshima hizo hizo, kwamba mpigaji wao alikimbia na mpaka leo familia inamtafuta. Kumwita mwongo siwezi. Naishia kumwongezea chai.

5. Serikali inasema hakukuwa na vurugu. Wapinzani wanasema mechi iliibwa. Kama hakukuwa na vurugu, mbona haikuisha? Na kama iliibwa, basi aliyenayo amalizie dakika zilizobaki huko huko aliko, atuletee matokeo.

Ushauri wangu ni huu. Nyinyi mna ratiba nzuri, yaingizeni na maandamano humo. Jumatatu hadi Alhamisi watu wadai haki zao, ambazo kwa kweli wanazidai siku nyingi, Ijumaa moshi upungue, Jumamosi mpira. Polisi wakitaka kuingia, waingie kama wachezaji wa akiba: mmoja atoke, mmoja aingie, namba ionyeshwe kwenye kibao. Na wakubwa wanaogombea kile kiti wapigiane penalti tano tano, huyu apige yule adake, mbele ya watu wote. Angalau hizo tutazihesabu kwa macho yetu.

Haya yote yakishindikana, nina ombi moja dogo. Mleteni refa nyumbani kwangu na filimbi yake, amevaa rasmi, asimame kati ya kochi na cherehani, apulize mara tatu, mkwe asikie. Penalti asiitaje. Kula atakula. Kulala, hapana.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, mlinzi wa getini aliyeniruhusu kuingia na mwavuli, na yeyote anayesubiri hali itulie. Kocha wa timu ya mkwe wangu mpe nusu salamu. Nusu nyingine aje kuichukua mechi ikiisha.

Wako mwenye uvumilivu uliobaki kidogo sana,

Fundi Cherehani Mstaafu

Nyongeza: Sijaifunga bahasha, mkwe ameingia. Mwanawe amempigia simu, vizuizi vimeondolewa, anaondoka kesho asubuhi, filimbi ipulizwe isipulizwe. Hivi sasa anakunja mashati. Nimejaribu kufurahi, nimeshindwa. Ndugu Katibu, wazee wenzangu wote mtaani ni wa timu yangu, tukikaa tunakubaliana mpaka tunasinzia. Mke wangu mpira hautaki hata kuusikia. Huyu akiondoka, nani atanibishia? Kwa hiyo refa msimlete. Mkwe akiwapigia simu kuuliza, mwambieni hali ni mbaya, tena inazidi. Na kama kweli imetulia, msihangaike: nimechukua sufuria na mwiko, naingia barabarani kuandamana peke yangu mpaka waifunge tena. Madai nitayatafuta njiani.