Jina Langu Ukutani

Jumatatu, 1 Machi 1976
Habari kubwa! Jumatatu ijayo mpimaji wa viwanja anapita mtaani kwetu, hapa Kamina. Kila nyumba itapewa karatasi yenye jina moja tu la mwenyewe. Jina moja! Litakuwa langu, Ngoie, karani wa stesheni. Mwenye karatasi hafukuzwi na mtu. Mke wangu Bilonda amenifukuza mara mbili tangu mvua zianze. Anadai nyumba ni yake kwa kuwa matofali na mabati yalitokana na biashara yake ya samaki wa Kinkondja. Kweli. Lakini mlango nilinunua mimi! Nilipomkumbusha, akajibu huku akichekecha unga: "Weye uko na mulango, minyi niko na nyumba."

Jumanne, 2 Machi
Nimetafuta mashahidi. Aibu! Mtaa mzima husema "kwa Mama Kabedi", yaani mama wa binti yetu. Hakuna anayesema kwa baba yake. Nikamjaribu muuza makaa asiyenijua: nyumba ya Ngoie iko wapi? Akanipeleka kwa Ngoie fundi baiskeli. Ikabidi nimshukuru. Jirani yetu Likoke, sajenti wa kambini, aliona yote. Alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 4 Machi
Akili ni mali! Nimepata kopo la rangi nyeupe. Nimeandika kwa herufi kubwa: NYUMBA YA CITOYEN NGOIE, yaani Raia Ngoie. Ukuta uliisha kwenye NGO. IE ikapinda kona hadi upande wa jiko. Si kitu, inasomeka ukizunguka. Bilonda akatoka, akasoma, akazunguka, akamalizia kusoma. Hakufuta! Akanipakulia bukari, ugali wetu, na kipande kikubwa cha samaki. Ameshindwa, maskini. Nilimhurumia kidogo.

Jumamosi, 6 Machi
Salongo, kazi ya mtaa, lazima kila nyumba itoe mtu. Miaka yote Bilonda humtuma kaka yake, mimi nalala. Leo chef, mkuu wa mtaa, amepita na daftari, akasoma ukuta, akaniita mimi. Nimechimba mtaro tangu asubuhi hadi adhuhuri. Viganja malengelenge matupu! Kisha akakagua choo chetu: kimejaa. Mwenye nyumba achimbe kingine, mita tatu, la sivyo atalala mahabusu. Bwana Afya atakuja kuangalia. Nikasema hilo halinihusu. Likoke akamsomea chef jina langu kwa sauti, akizunguka kona.

Jumatatu, 8 Machi
Msiba! Nilivaa suti yangu ya abakosti nikamngoja mpimaji. Saa mbili akaja chef na mtu mwenye daftari, wakaenda moja kwa moja hadi chooni. Bwana Afya! Akauliza: "Mwenye nyumba njo nani?" Niliona mahabusu hii hapa. Nikapaza sauti mbele ya majirani wote: nyumba ni ya Bilonda, tofali kwa tofali, mimi ni mume tu, huo ukuta ni mchezo wa watoto. Akaandika. Bilonda akatia sahihi. Ndipo yule mtu akafungua mkoba na kutoa mnyororo wa kupimia. Kumbe ndiye mpimaji, na kupima huanzia kona ya nyuma, penye choo!

Nililalamika! Nilionyesha ukuta! Chef akawaonyesha majirani kwa kidole, akasema: "Bantu yote banasikia." Nimelia jikoni, lakini si sana.

Jumanne, 9 Machi
Kaka yake Bilonda yuko Kinkondja. Mwenye nyumba amenikabidhi jembe: "Baba Kabedi, chimba ao toka." Nimechimba. Nilipofika kiunoni, wazo likanijia! Mpimaji alipima jana. Choo hiki hakimo kwenye karatasi. Nani anakichimba? Mimi! Rangi ingalipo nusu kopo. Kikipata kuta tu, naandika CHOO CHA CITOYEN NGOIE, na safari hii nitapima ukuta kwanza. Nimemwambia Bilonda wazi, bila woga. Ameniletea brashi mwenyewe, na kipande kikubwa cha samaki.