Tosti ya Harusi ya Mwongeli

Jumatano, 4 Juni

Dharau! Binamu yangu Kimanzi, anayesimamia harusi ya dada yangu Mwongeli, kanipigia simu. Ati Jumamosi mimi nitatoa toast. Mimi! Kaka wa bibi harusi nipewe kazi ya mkate, yeye ajigawie hotuba! Nikamjibu sawa, kwa sauti ya asali. Atanitambua. Nitatoa tosti mpaka watu wasahau kama aliongea.

Alhamisi, 5 Juni

Nimezunguka Ngara hadi miguu ikafura. Nimepata mashine ya tosti ya hoteli, mtumba, nzito kama jiwe la kusagia. Muuzaji, Bi Saleha, akauliza nafungua mkahawa wapi. Nikamdanganya, mbali sana. Huenda anajuana na Kimanzi.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika kwa hasira. Ukumbi wa Mountain View ulijaa. Kimanzi akatangaza, "Sasa kaka ya bibi harusi atatupea toast!" Watu wote wakasimama, glasi za juisi juu. Heshima hiyo! Nikachomeka mashine. Paa! Stima ikapotea, muziki ukakatika, maikrofoni ikafa. Nikaanza kugawa vipande vya mkate vibichi.

Mwongeli akanishika koti. "Kisilu, ni kusema tu! Ututakie mema, basi!" Machozi yalikuwa yanamharibia poda. Kabla sijafungua mdomo, Kimanzi kainua glasi na kubwata bila maikrofoni. Makofi! Mama mkwe wa Mwongeli akaniuliza siagi iko wapi.

Jumapili, 8 Juni

Nimefungua kamusi kubwa. Kumbe! Neno lilitoka Kilatini, kukausha kwa moto, likapitia Kifaransa. Kisha Waingereza wa zamani wakawa wanatumbukiza mkate uliochomwa, wenye viungo, ndani ya divai, wanakunywa kwa heshima ya mtu. Jina la mkate likahamia kwenye salamu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa sahihi! Wao ndio waliosahau mkate! Nikampigia Mwongeli nimweleze asili ya neno. Akakata simu. Nikarudia. Amenizimia simu kabisa. Siku mbili za ndoa na tayari ana kiburi!

Jumatatu, 9 Juni

Mjomba Kiilu kapiga simu kutoka Dagoretti. Jumapili kuna kikao cha kunipatanisha na Mwongeli, niende na maneno ya kuomba radhi. Halafu akasema Kimanzi ndiye ata-chair.

Hahaa! Chair si kiti? Haki imepatikana! Nitafika mapema, nisimame mlangoni, nimwangalie akibeba viti.