Rangi Niliyopaka Nyumba-Kijani ya Enid

Jumanne, 1 Julai 1958
Mwenyekiti wa chama chetu cha bustani kajiuzulu. Goti linamsumbua. Kiti ni changu! Mpinzani ni mmoja tu, Bi Hesketh, mwalimu mstaafu, mjuaji kupindukia. Kila mgombea atatoa hotuba Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi nitaeleza kwa nini sisi Waingereza kibanda cha vioo cha kuoteshea mimea tunakiita nyumba-kijani. Jibu liko wazi: zamani vioo vilipakwa rangi ya kijani. Sijasoma popote. Akili tu.

Alhamisi, 3 Julai
Maneno matupu hayavunji mfupa. Nahitaji ushahidi. Mke wangu Enid yuko Preston kwa dada yake, kwa hiyo nimepaka vioo vya nyumba-kijani yake, vyote, kwa rangi ya kijani iliyobaki nilipopaka lango. Inapendeza mno! Ndani mna nyanya zake za mashindano. Nyanya hazichagui rangi.

Jumapili, 6 Julai
Bi Hesketh kachungulia juu ya ua, kaniuliza kama tumefiwa hata tumeziba vioo. Wivu huo. Nimepaka maziwa yaliyochacha juu ya rangi ili iote ukungu, ionekane ya kale. Paka wa kijiji kizima wamekuja kulamba.

Jumatano, 9 Julai
Enid karudi. Nyanya zimekuwa njano, zimelala chali. Akasema, "Cuthbert, lile kombe nimelihangaikia miaka, nawe umeniulia nyanya zangu hivihivi!" Akalia. Iliniuma, sitadanganya. Nikamfariji kwamba mke wa mwenyekiti hana haja ya kombe. Chakula cha jioni sikukiona.

Jumamosi, 12 Julai
Hotuba yangu iliwatoa watu machozi. Ya kicheko. Bi Hesketh akasimama: "Jamani Bwana Pimblett, si ungeuliza tu?" Eti babu zetu walipanda vyunguni michungwa na miti mingine isiyopukutisha majani, na baridi ikija waliiingiza ndani. Nyumba ya miti iliyobaki kijani, basi. Kura zikapigwa kwa kuinua mikono, zote kwake. Ya Enid pia! Hata yangu wameihesabu. Niliinua mkono kuomba kujitetea.

Enid kahamishia nyanya zilizopona kwenye kibanda cha mbao alichojengewa na marehemu baba yake, kile tunachokiita nyumba ya kiangazi. Kakifunga kwa kufuli. Jina hilo nalo nimelitafakari. Jibu liko wazi: babu zetu walivibomoa vibanda hivi kila kiangazi kilipoisha. Bi Hesketh hili halijui! Nahitaji ushahidi tu. Nimeazima nyundo. Kesho asubuhi Enid atakuwa kanisani.