Hotuba ya Kuzindua Vimeng'enya vya Matamvua ya Kamba, Kijijini Chini ya Msitu wa Olmotonyi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani tangu jana. Mabwana shamba, wachungaji, mashehe kutoka mjini, akina mama wa vikundi, na wewe mzee Parsimei uliyekalia kiti changu: wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Bwana asifiwe, na asalaam aleikum kwa wanaohusika. Hamjambo? Watoto, ng'ombe, yale mafua ya juzi? Mimi namshukuru Mungu, isipokuwa goti hili la kushoto. (Makofi machache, ya pole kwa goti.)

Ndugu zangu, niwaambie kama wa nyumbani. Mimi Anaeli shule niliishia darasa la nne, lakini Mungu hakuniomba cheti, na leo nimesimama hapa nikiwa Mwenyekiti wa Kamati Tekelezi ya Programu Pailoti ya Vimeng'enya vya Matamvua ya Kamba wa Maji Baridi, Feizi ya Kwanza.

(Mzee Parsimei: "Kamba ndiye nani?")

Swali zuri, mzee wangu. Ni mdudu wa majini, watu wa Tanga humla na wali. (Mkutano mzima: "Aaah! Mdudu?") Tulieni. Kitaalamu, maji ya mfereji wetu hayana chumvi, na chumvi iliyomo mwilini mwa kamba kila dakika inataka kutoroka; hapo ndipo vimeng'enya, vibarua wadogo wasioonekana, waliojipanga kwenye matamvua anapopumulia, huikamata kila ayoni ya sodiamu, yaani kichembe cha chumvi, inayopita majini na kuisukuma ndani, mchana na usiku, bila semina, bila posho. (Makofi. Katibu Hanna anaacha kupiga makofi kwenye "posho".) Na katika enzi hii ya soko huria, ambapo mitumba na redio vinavuka mpaka wa Namanga bila kuulizwa jina, mimi nauliza, kwa nini ayoni isivuke? Takwimu zinaonyesha ufanisi wetu umepanda kwa asilimia mia moja na arobaini, kutoka sifuri.

(Mama Nanyori anasimama: "Baba Mwenyekiti, uliufunga mfereji tangu Januari, ukasema maji yanakwenda kwa hao kamba. Maharage yangu hayamalizi wiki hii. Unaufungua lini?")

Mama Nanyori, dada yangu katika Kristo, uchungu wako nimeuombea kwa jina. Suala la mfereji liko kwenye mchakato shirikishi wa kisekta.

("Maharage hayanywi mchakato!" Kicheko kirefu. Mchungaji anainamisha kichwa, mabega yakimtikisika.)

Nawaelewa, na kwa unyenyekevu nisiopenda kuutaja, nasema uvumilivu wenu ndio nguzo ya projekti hii. Matamvua! (Watu wanatazamana.) Mnaitikia "Juu!" Kimeng'enya! (Sauti moja: "Juu ya nini?") Asante sana. Namshukuru katibu Hanna kwa mchoro wa bwawa, atakapouchora. Nawashukuru vijana watakaolichimba bwawa, pindi tukikubaliana ni wapi. Namshukuru mfadhili kwa barua yake ya kutuuliza sisi ni akina nani. Na kwa namna ya pekee nawashukuru ninyi kwa maji ya mfereji, ambayo, kwa kuwa hayana pa kwenda, tumekuwa tukiyarudisha mtoni kwa uangalifu mkubwa.

(Mama Nanyori anaokota jembe, anaelekea kwenye mlango wa mfereji. Akina mama wanamfuata, kisha wanaume, kisha mchungaji. Mzee Parsimei anaondoka na kiti.)

Naona mmehamasika! Nendeni na Mungu, ndugu zangu. Ila wageni wa kukagua Feizi ya Kwanza wanafika Alhamisi, wanataka kumwona kamba, na mimi sijawahi kumwona. Mwenye kujua ana miguu mingapi, tafadhali anijibu mapema.