Tangi la Sabuni Katika Uchochoro Wangu

Kasulu Mjini,
17 Novemba 1976

Ndugu Mkurugenzi wa Maendeleo,

Baada ya salamu za heshima na pole kwa kazi nyingi, naomba unisikilize mimi Zena binti Dadi, mjane, muuza vitumbua. Leo ni siku ya kumi na tisa tangu tangi la chuma la kiwanda kipya cha sabuni, tani tatu kamili, likwame katika uchochoro kati ya nyumba yangu na ghala. Haliendi mbele, halirudi nyuma. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangi lilikuja vizuri juu ya magogo, likisukumwa na wanaume thelathini wa kijiji cha Rungwe Mpya. Desturi yao, mzee Bazilio huimba, nao huinua kwenye kiitikio. Fundi wa kiwanda, Ndugu Nicodemus, akasema nyimbo zinapoteza wakati. Akapuliza filimbi, akahesabu moja, mbili, tatu. Wa kulia wakainua kwenye mbili, wa kushoto kwenye tatu. Tangi likalala ubavu na kuumega ukuta wangu.

2. Nyuma ya tangi kuna nyumba moja tu, ya Abdalah, fundi cherehani, ambaye naye amefiwa na mke. Sasa njia yake pekee ni kupitia sebuleni kwangu na kutokea jikoni. Anapita asubuhi, adhuhuri na jioni, cherehani begani. Ni mtu wa Ujiji yule, lakini siku hizi anabisha hodi kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye!", kama Muha wa Heru, ili mama yangu acheke. Mama amekwishamtengea kiti.

3. Akipita lazima asalimiwe. Akisalimiwa, hukaa. Akikaa, hunywa chai, na kusifu vitumbua vyangu mpaka natia iliki mara mbili. Juzi alinishonea gauni bila kunipima, likanikaa sawasawa. Nauliza, alijuaje? Huu ni upelelezi.

4. Nicodemus ameshindwa, amemrudisha Bazilio na nyimbo zake. Lakini wimbo wa sasa una jina langu na la Abdalah ndani. Kiha changu ni kidogo, ila kicheko nakielewa. Wanaume thelathini wakicheka hawawezi kuinua hata sufuria.

5. Magogo mawili, mazuri kuliko yote, yameibiwa, na bila hayo tangi halisogei. Mwizi asakwe na afungwe, maana anahujumu ujenzi wa taifa.

Kwa hiyo naomba tangi liondolewe kabla ya Jumamosi, hata kwa kubomoa nyumba yangu, na askari asimame mlangoni kumzuia Abdalah. Nimechoka, Ndugu. Moyo unanidunda kila nikisikia hodi, na mimi si msichana tena.

Nisalimie wote ofisini, pamoja na karani Generosa aliyeniazima kalamu hii.

Mwananchi wako mtiifu, mwenye ukuta uliomegwa,
Zena binti Dadi

Nyongeza: Abdalah amepita sasa hivi. Amesema wajomba zake watakuja Jumamosi kutoka Ujiji kuleta posa. Ndugu, yule ni mtu wa haya: njia ikifunguka kabla ya hapo, hatapata sababu ya kubisha hodi. Askari bado namwomba, ila asimame kwenye tangi, lisiguswe. Na magogo msiyatafute. Yako chini ya kitanda changu, na Bazilio anajua, kwa sababu ndiye aliyenisaidia kuyabeba.