Maiki ya Harusi ya Elysée

Jumatatu, 1 Oktoba 2012

Jumamosi Elysée wangu anaolewa. Wimbo wa kumwingiza ukumbini ataimba Boniface. Si mimi. Boniface, Mtanzania wa kwaya yetu, mwenye duka la simu mkabala na saluni yangu hapa Overport na kifua kama friji. Binti mwenyewe ndiye aliyeniambia, kwa upole, kama nesi anayeficha sindano. Papa, wewe utapokea wageni, unapendeza sana ukisimama mlangoni.

Mlangoni! Nimemwimbia mtoto huyu tangu ana meno mawili.

Mke wangu Gracieuse alicheka mpaka akashika meza. "Papa Elysée, siku ile iko bibi harusi moja tu. Usishindane na mtoto."

Sijakasirika. Nimejitolea kununua maiki mpya, maana ile ya kanisa imeanguka mara nyingi hadi inakohoa kabla ya mchungaji. Wote wamenisifu kwa moyo wangu mweupe. Masikini, hawajui nina mpango.

Jumanne, 2 Oktoba

Taxi hadi Pinetown, duka la vyombo vya muziki. Muuzaji, mama wa Kizulu mwenye miwani na subira, alinipangia maiki mezani kama mandazi. Kwa ukumbi wenye ngoma na vigelegele, alisema, chukua hizi za dainamiki: zinavumilia kelele, zinavumilia kuanguka, hazidai betri. Ukisogeza mdomo karibu kabisa, sauti inanenepa. Nikasogeza. Ikatoka sauti ya askofu. Nikaimba beti tatu. Mteja aliyekuwa akijaribu gitaa alilirudisha ukutani akaondoka.

Kisha akanionyesha ile yenyewe. Maiki yenye sikio jembamba: inasikia kilicho mbele yake tu, ukienda pembeni kidogo umepotea. Nikamwona Boniface palepale. Huyu haimbi ametulia. Anayumba kama pazia, kichwa kushoto, kichwa kulia. Maiki hii itasikia neno moja na kumwachia mawili. Ndipo watu watauliza: nani hapa anajua kusimama wima? Mimi ni kinyozi. Kusimama ndiyo kazi yangu.

Muuzaji aliongeza onyo kuhusu namna ya kuishika. Halikuniingia vizuri, nilikuwa najitazama kwenye kioo cha kabati, maiki mkononi. Nilipendeza, kusema kweli.

Alhamisi, 4 Oktoba

Majaribio ukumbini. Boniface kafika na chupa ya juisi kwa ajili yangu, na shikamoo ndefu. Inaudhi sana adui akiwa na adabu.

Maiki kwenye stendi yake, Boniface mbele, mpango ukaanza kuchanua. "Bibi..." kimya "...nuru..." kimya. Peguy, fundi wetu wa sauti, alipekua waya zote. Boniface akaiomba maiki radhi. Nikamwambia kwa huzuni, labda koo limechoka, mdogo wangu, mwachie mtu mzima.

Basi Peguy, ambaye hakuulizwa, akaitoa maiki kwenye stendi na kumpa mkononi. Kichwa kikaenda kushoto, maiki nayo kushoto. Sauti ikajaa mpaka madirisha yakatetemeka. Eish.

Halafu Boniface akanigeukia. Mzee wangu, nyie Wakongo ndio wenye muziki, hebu nifundishe mnavyoishika. Sasa ningefanyaje? Mtu kaniomba kwa heshima. Nikamwonyesha kama wanavyofanya waimbaji wetu wakubwa kule Lubumbashi: viganja vyote viwili juu ya kichwa cha maiki, kama unakunywa supu ya moto. Nikatembea hatua chache za jukwaani. Gracieuse akaniambia goti litalia kesho. Limelia leo.

Jumamosi, 6 Oktoba

Mlango ukafunguliwa. Elysée ndani ya shela, mzuri mpaka nikasahau kuwa mimi ni mpokea wageni. Boniface akaifunika maiki kwa viganja viwili, sawasawa na somo langu, akavuta pumzi.

Maiki ikapiga yowe. Yowe la nguruwe! Wageni wakaziba masikio, Elysée akasimama njiani. Ndipo onyo la muuzaji likanirudia lote, neno kwa neno: usifunike kichwa, itapiga kelele. Nilitamani ngazi za mlangoni zinimeze.

Boniface akaninyooshea maiki. "Mzee, mshike mtoto wako huyu." Akaimba kwa kifua kitupu. Kila kona ilisikia. Elysée akacheka ndani ya machozi, akaingia anacheza.

Niliamini yangu yamekwisha. Lakini wakati wa keki, binti akanijia na kunishika mkono. Papa, niimbie ule wa meno mawili. Nikainua maiki, nikaishika kama ninavyojua, viganja viwili. Haikupiga yowe hata kidogo! Niliimba laini. Ukumbi ulinyamaza kama kanisa. Elysée akasogea, akasogea, mpaka kichwa kikawa begani kwangu, akalia. Wageni wa nyuma walisimama na kuja mbele. Wote.

Maiki nzuri sana. Sauti yake ni ya asili kabisa, kama vile hukushika kitu.

Jumapili, 7 Oktoba

Peguy kapita kunyolewa. Kwenye kiti changu watu huungama. Mzee, nisamehe, akasema, nilipoona viganja viwili niliizima. Uliimba wimbo wote imezimwa. Ndiyo maana walisogea, hawakuwa wanakusikia.

Nikasimamisha mashine. Nimemwacha na nusu ya nywele nikae nifikiri. Binti yangu alilia. Ukumbi mzima ulinijia. Na maiki ilikuwa imezimwa!

Je, kama ingekuwa imewashwa?

Kesho asubuhi Pinetown. Nachukua nyingine kama ileile, moja kwa kila kiganja.